Pointi Korofi ya Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Chuo kikuu kimekwama, kimenijia mimi. Naandika ili tarehe isije ikapotea. Pale wamejaa madaktari wa hesabu, vyeti mpaka darini, na hakuna hata mmoja anayejua kukunja bati!

Aliyeleta habari ni mpwa wangu, binti wa dada, ninayemwita Profesa tangu hajaota meno. Ijumaa anasimama mbele ya wazee watatu kutetea tasnifu yake. Mwaka jana walimwangusha. Mmoja wao, Mzee wa Miwani, alimwambia maneno yake ni mazuri ila hayashikiki. Akianguka tena, basi. Hakuna mara ya tatu.

Sasa anataka kitu cha kushikika. Koni mbili za bati, ncha kwa ncha, zikutane kwenye pointi moja tu.

"Koni? Unamwambia mtu aliyetengeneza faneli ya kujazia meli mafuta? Watu sita walilala ndani yake!"

"Mjomba, mwezi uliopita walikuwa wanne."

"Wawili walichelewa kufika."

Jumanne, 4 Machi

Sikunji bati bila kujua linakwenda kufanya nini. Nikamwambia anieleze. Akakunja karatasi ikawa koni, akaichoma na spoki ya baiskeli karibu na ncha. Matundu mawili — spoki imeingia huku, imetokea kule. Akasogea karibu zaidi. Mawili, ila yamekaribiana. Akachoma kwenye ncha yenyewe. Tundu moja.

"Moja," nikasema.

Akatikisa kichwa. Ni mawili yaliyolaliana, eti. Pointi ya kawaida inahesabiwa mara moja. Hii mara mbili. Kitabuni ina jina refu, mimi naiita pointi korofi.

Mimi si wa kukubali kirahisi. Nikasimamisha koni mbili ncha kwa ncha, nikapitisha spoki kwa ubavu, kando kidogo ya ncha. Haikugusa kitu. "Sifuri! Hesabu yako imekufa!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Yapo mawili, Mjomba, ila ni ya kufikirika. Hayaonekani kwa macho.

Hapo nikaelewa mara moja! Nimeishi na vitu vya namna hiyo miaka hamsini. Mke wangu alikuwa anapita na ndoo. Akasema kumbe angejua chuo kikuu wanasomea uongo, angenipeleka zamani nikawe mkuu. Nikamwacha apite.

Jumatano, 5 Machi

Nimemaliza kabla ya saa sita. Kazi safi — mshono hauonekani, lehemu inang'aa. Seremala wa karakana ya jirani kaja, kazunguka mara mbili, kakosa pa kukosoa. Kwake hiyo ni sifa.

Profesa kaja. Kainama, kapitisha kidole katikati.

"Mjomba, na hii shingo?"

Shingo yenyewe nene kama kidole cha mwisho. Nilikuwa hata sijaiona. Miaka thelathini nakunja faneli, na faneli isiyo na shingo itapitisha nini? Mkono umeiacha wenyewe, kichwa hakikuulizwa.

Nikamwambia ni shingo nzuri. Akasema ndiyo, nzuri, na ndiyo ubaya wake. Hapo katikati sasa ni laini, hapana ncha. Spoki ikichoma shingoni, kila tundu linahesabiwa moja, kama popote pengine. Ukorofi umekwisha. Na tasnifu nzima, kurasa mia na kitu, inahusu ile pointi.

"Umeifuta, Mjomba."

Akakaa juu ya debe. Hakulia. Bora angelia. Akasema watamwambia hata mfano wake mwenyewe haumwelewi.

Seremala akadakia: mwache mimi nimchongee wa mbao. Mbao! Katika ukoo wa mabati! Nikamwambia arudi kwenye vumbi lake. Nikamwambia Profesa aende akalale, kesho jioni pointi iko mezani.

Alhamisi, 6 Machi

Jozi nane za koni. Nimezihesabu, ziko sakafuni. Bati lina unene wake. Ukilikunja mpaka mwisho, ncha inaacha tundu. Ukiziba kwa lehemu, unakuja uvimbe kama goti. Ukiupiga tupa huo uvimbe, koni zinaachana, moja inabingiria mlangoni. Vidole viwili vimeungua. Mke wangu kaniletea chai, kaniambia, baba, acha, mtoto ataelewa. Nikasema mtoto ataelewa, wazee watatu hawataelewa. Nikakata nyingine.

Ya tisa imekubali! Imekaa. Nimeipaka rangi ya fedha.

Profesa akaishika kwa vidole viwili kama yai. Akaweka spoki kwenye ncha. Akanikumbatia, rangi ikiwa bado mbichi.

"Umeiungaje?"

"Lehemu. Ya kwangu maalumu. Siri ya kazi."

Ijumaa, 7 Machi

Niko kwenye benchi la korido, suti ya harusi, daftari gotini. Mlango haufungi vizuri. Nasikia yote.

Mzee wa Miwani kaanza kwa ukali. Kauliza pointi hiyo inahesabiwa mara ngapi. "Mara mbili," na spoki ikapita — nimeisikia ikikwaruza bati langu! Akauliza mbona kwa ubavu haigusi kitu. Profesa kajibu kuhusu yale mawili ya kufikirika, sauti haitetemeki, na mmoja wao kacheka vizuri, cheko la mtu aliyepewa kiti.

Sasa wanaipitisha mkono kwa mkono. Mzee wa Miwani kasema mwaka jana hakuona, leo anaona. Profesa!

Halafu kauliza kama hapo katikati ni imara kweli, au ni mapambo.

"Ni imara, mwalimu. Mjomba wangu ni fundi. Ameiunga kwa lehemu. Ishike koni ya juu, inyanyue."

Nimesikia kiti kikisogezwa.

Karani katoa kichwa mlangoni. Fundi, unaombwa ndani. Nimemwambia namalizia mstari huu.

Si lehemu. Ni chingamu. Nimeitafuna mwenyewe jana, asubuhi nzima.