Mguu Uliokuvuta, Dada Lusia

Dada Lusia,

Ninakuandikia kukiri jambo nililolificha tangu tulipokuzika hapa Ndalambo: uliniuliza kuhusu mguu wako, nami nilikujibu vibaya.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Ulinipigia simu ukiwa shambani ili mama mkwe wako asisikie. Vidonge vya majira, vya kupanga uzazi, ulivinunua ng'ambo ya Tunduma, boksi na karatasi yake ya maelezo ukavitupa pale pale mpakani, vidonge ukavificha kwenye debe la mbegu za mahindi. Hakuna aliyekupima presha, ingawa ilikupanda katika ujauzito wa mwisho.

"Mdogo wangu, si ndiyo unayosomea hayo? Mguu mmoja umevimba, unanivuta hadi nyuma ya goti."

Nami, kana kwamba mkufunzi ananisikiliza, nikasema: "Ni maudhi madogo madogo ya vidonge, Dada. Vumilia miezi mitatu."

Ukacheka. "Haya, daktari wangu."

Kichefuchefu ni maudhi madogo. Matone ya damu pia. Mguu mmoja kuvimba kulikuwa katika ukurasa uliofuata wa daftari langu. Sikuufunua. Siku ya nne pumzi ikakukatika. Hospitali wakasema damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni.

Sasa nimeajiriwa katika zahanati yetu. Tangu kijiji kijue ulichomeza, kina mama wameacha vidonge, sindano, hata vipandikizi. Mama Tusa amejifungua tena kabla mtoto aliyetangulia hajatembea, na akiniona kisimani hupaza sauti: "Msomi wetu huyo! Muulizeni, dada yake alimeza nini?" Wenzake hucheka. Mimi huinamia ndoo.

Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, ameniagiza niwaelimishe. Niliandaa hotuba iliyopangika vizuri mno. Jina lako halikuwemo. Jana niliichana.

Nitawaambia njia hizi huwafaa wengi, lakini si kila njia hufaa kila mwili. Mwenye presha apimwe kwanza, zipo nyingine za kumfaa. Maumivu ya mguu mmoja, ya kifua, ya kichwa yasiyovumilika: hayo hayangoji miezi mitatu. Kisha nitawaambia ni nani aliyekuambia ungoje. Shemeji, ambaye bado ananiita daktari, atazipata habari kabla jua halijatua.

Naogopa, Dada. Lakini sitakuficha tena kama ulivyovificha vidonge vile. Pumzika.

Jumatano, saa tatu asubuhi, barazani pa zahanati. Mama Tusa ameapa atakaa mbele.

Mdogo wako,
Neema