Aliyekosekana kwenye Mstari wa Pili

Dada Fidea,

Shikamoo. Najua hutaitikia, huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike Mchombe, lakini mdomo wangu haujui kuanza na wewe kwa namna nyingine. Nimechoka, dada. Si uchovu wa zamani wa kutoka shambani, tukanawa miguu, tukalala, asubuhi umeisha. Huu naamka nao. Kidato cha pili wanafunzi ni wengi kuliko madawati, halafu mwezi huu nusu yao hawapo. Mpunga umeanza kutunga maziwa, ndege wameshuka, na watoto wamekwenda mashambani kuamia, kuwafukuza. Nafundisha jedwali la elementi kwa madawati matupu, wenyewe wakirudi naanza upya. Mkobani nina barua ya kuomba kuondolewa darasani, nipewe kazi yoyote ya ofisini. Sijaipeleka.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la Jumanne, ila lazima nianzie mbali, kule dunguni, kwenye jukwaa letu la kulindia mpunga.

Unakumbuka mama alivyotuketisha baada ya baba kufariki. "Mmoja asome, mmoja aamie," alisema, huku anaangalia sufuria badala ya kutuangalia sisi. Wewe ulikuwa umefaulu darasa la saba kabla yangu, tena kwa alama ambazo mimi sikuzifikia. Ukasema utaamia. Hukulia, nami kwa akili za kitoto nikaona basi hukuumia. Mpunga ulioulinda ndio ulionisomesha.

Kila Jumamosi nilipanda dunguni na daftari, mwanafunzi wa kidato cha pili nimevimba kichwa, na wewe ukataka nikusomee ya wiki nzima. Siku niliyokuletea elementi ishirini za kwanza, historia na jiografia uliziacha hapohapo. Ulisema majina yale yanafaa kufukuzia ndege. Ukasimama ukayajaribu: "Haidrojeni! Heliamu! Lithiamu!" Ndege wakaruka kweli. Tangu siku hiyo debe bovu la mama tulilokuwa tukiwapigia ndege lilipata mapumziko.

Baadaye nikakufundisha kuzipa kampaundi majina. Metali hutangulia na jina lake lote, anayefuata hukatwa mkia akavishwa mwingine: klorini anakuwa kloraidi, oksijeni anakuwa oksaidi. Ulicheka. "Kumbe ni ndoa," ulisema. "Mmoja anabaki na jina lake, mwenzake ndiye anabadilishwa." Mchana tukila perege wa kuchoma ukanyoosha mkono, ukamwomba mama akupitishie sodiamu kloraidi. Mama alitutazama mmoja mmoja.

"Huko shuleni siku hizi wanafundisha matusi?"

"Ni chumvi, mama," nikamwambia.

"Basi semeni chumvi."

Halafu ile siku ya madonge. Ulikuwa umefinyanga madonge ya udongo ya kombeo na kuyaanika juu ya mbao za dungu. Ukayapanga kama jedwali lilivyokuwa kwenye daftari langu: mawili juu, chini yake saba, chini yake manane, na mawili ya mwisho. Uliyatazama muda mrefu, hata ndege wakatua upande wa mtoni na hukuwaona.

"Umesema lithiamu, sodiamu na potasiamu ni ukoo mmoja," ulisema. "Kuanzia sodiamu nahesabu wanane ndipo nampata potasiamu. Kuanzia lithiamu nahesabu saba tu, nishamfikia sodiamu. Kuna mtu hayupo hapa." Ukaniwekea kidole mwishoni mwa mstari wa pili. "Tena ulisema ishirini. Mimi kila nikihesabu napata kumi na tisa."

Sikufungua hata daftari. Nilikwambia, "Hesabu vizuri, dada. Mambo haya yanataka mtu aliyekaa darasani."

 Ulichukua donge moja moja ukayarusha yote kwa kombeo, bila hata kulenga. Majina uliendelea kuyapigia kelele mpaka mavuno, lakini kuniuliza swali hukuniuliza tena.

Jumatatu nilitazama jedwali lililobandikwa ukutani darasani. Mwishoni kabisa mwa mstari wa pili, baada ya florini, yupo neoni. Wakati nanakili nilikuwa nimefika ukingoni mwa ukurasa, nikashuka mstari wa chini bila kumwandika. Wewe ulikuwa na udongo tu mbele yako, hukuwahi kuliona jedwali zima, na pengo uliliona. Nilikusudia kukwambia Jumamosi. Jumamosi ilipofika nikaona aibu, nikasema nitakwambia likizo.

Likizo zimepita nyingi, dada. Nimesoma ualimu, nimepata kazi, nimepanga chumba hapa mjini, mtaa wa Lipangalala. Ulikuwa ukinipigia simu kuniuliza nimekula nini, na kila nilipotaka kulitaja nililiona dogo mno. Ukaugua. Nikaja, ukanishika mkono, nami nikakaa pale naongea habari za dawa na saa za kuzinywa. Ilikuwa ni kukutajia jina moja tu, nikushukuru kwa kuliona pengo, nikuombe radhi. Sikufanya hivyo, na ninajuta.

Sasa Jumanne. Amerudi msichana anaitwa Editha. Kwao ni Mchombe, hapa mjini amepanga chumba na wenzake mtaa wa Viwanja Sitini. Sauti imemkauka kwa kuamia. Nikauliza kwa mazoea tu, kabla sijafundisha lolote, nani anazijua elementi ishirini za kwanza. Akasimama, akaanza kwa ile sauti ya kuitupa juu ya mpunga, imekwaruza lakini ni ileile. Wenzake wakacheka. Florini, sodiamu, magnesiamu. Nikavuta kiti nikakaa. Akaenda mpaka kalsiamu.

"Nani amekufundisha?"

"Tunafukuzia ndege, madam. Sisi wote wa upande ule. Kulikuwa na dada shamba la jirani, alitufundisha tukiwa wadogo. Alishafariki." Akaangalia vidole vyake. "Ila madam, kila nikizihesabu zinatoka kumi na tisa. Tulimuuliza yule dada, akasema labda ni yeye ndiye hajui kuhesabu. Akasema tukifika shule tuulize."

Zaidi ya miaka ishirini, dada, ulikaa na neno langu hilo, na bado ukawatuma watoto waje waulize.

Na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Hesabu vizuri. Nimewajibu hivyo watoto wengi mwaka huu, mtu akichoka ndicho kinachomtoka. Nikalimeza. Kisha nikainuka, nikaandika neoni ubaoni, mwishoni mwa mstari wa pili.

"Umehesabu sawa," nikamwambia. "Na yeye alihesabu sawa. Orodha ilikuwa pungufu, na aliyempa orodha ile ni mimi. Yule alikuwa dada yangu."

 Editha akanitazama, akainama, akaandika kwenye daftari lake, kisha akahesabu tena kwa vidole mpaka ishirini.

Sitakudanganya kwamba uchovu umeisha. Barua bado iko mkobani, na kesho kutwa madawati yatakuwa matupu tena. Ila nimeona leo nikuandikie kabla ya kuamua lolote, kwa maana mengine niliyosema nitakwambia kesho sikuyafikisha.

Jumamosi Editha anarudi dunguni, na ameniahidi atawaambia wenzake wa upande ule. Basi ukiwasikia wanapiga kelele, wakafika florini, kisha wakataja jina ambalo wewe hukuwafundisha, usidhani wamekosea. Ndiye yule uliyesema hayupo.

Pumzika, dada. Nisamehe kwa kuchelewa.

Mdogo wako uliyemsomesha