Macho Manne ya Gari Lako

Mjomba,

Au sasa nikuite mkwe? Nimemwoa binti yako Mwanaisha Ijumaa iliyopita, na gari lako ndilo lililomleta. Lilimleta likifuka moshi, lakini lilimleta. Usicheke kwanza. Ngoja nikupe habari kwa mpango, maana ungekuwepo ungenikatiza kila neno.

Unakumbuka gari lilivyobaki kibogoyo, tangu punda wa mkokoteni aliporudi kinyumenyume pale bandarini akaivunja grili ya mbele? Ulizunguka nalo Kismayu nzima kinywa wazi. Grili za dukani, zile za kung'aa, ulizikataa zote. "Mchu ni uso," ukaniambia, maana mtu kwako alikuwa mchu, "na gari ni uso. Utalichongea uso wa mbao wewe, mimi sigusi. Ukimaliza, Mwanaisha ni wako." Mwanaisha mwenyewe alikuwa dirishani, akacheka. Masikio yaliniwaka moto! Kisha ukatutoka, hata mstari wa penseli sijapiga.

Miezi mitatu sikushika tezo ya kuchongea. Niliingia karakanani, nikaiona kofia yako msumarini, nikatoka. Mkeo ndiye aliyenirudisha, na ulimi wake unaujua. "Neno la marehemu halivunjwi. Uso kwanza, harusi baadaye." Basi nikaanza, nikijua nikiharibu, nimeukosa ufundi na nimemkosa mke.

Nikachonga ubao wa mbambakofi, mjomba. Maua pembeni, na macho mawili ya mviringo, kama yale tuliyokuwa tukiweka kwenye omo, pua za mashua, kule kisiwani Kudha. Ukijumlisha na taa, gari likawa na macho manne, watoto wa mtaa wakalikimbilia kulitazama. Mbao nikaziunga ubavu kwa ubavu, kisha nikakalafati, nikaziba kila upenyo kama ulivyonifunza kwenye mashua: pamba, mafuta ya papa, pamba tena. Nikalirushia ndoo nzima ya maji. Halikupita tone. Wallahi siku hiyo nilijiona fundi.

Msumari mmoja tu sikuupiga, wa jicho la kulia. Ada yako naijua: msumari wa mwisho haupigi fundi, huupiga mwenye chombo. Na mwenye chombo tulikwisha kumzika. Niliuweka kwenye kisanduku cha mbele ndani ya gari, na jicho likabaki linacheza.

Siku ya harusi nikaendesha mwenyewe. Mwanaisha kando yangu, mkeo na shangazi zake nyuma, bajaji zinatufuata kwa honi. Hatukufika mbali. Injini ikachemka, mvuke ukatufunika, na dereva wa bajaji akapiga kelele kutuita, "Waryaa, mnapika wali wa harusi humo?" Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema kimoyomoyo, basi tena, uso umenikataa.

Mwanaisha akashuka na nguo yake ya harusi. Akapitisha kiganja mbele ya grili, akainusa, akanigeukia. "Umeikalafati?"

Nikasema ndiyo, hata sindano haipiti.

"Na rejeta ya injini ipumue wapi?"

Mjomba! Miaka yote hiyo umenifunza kuzuia maji, sikuwahi kuwaza kwamba kuna chombo kinachotaka kupitisha upepo. Mwanaisha akaegemea gari, akacheka mpaka wanja ukamtiririka. "Baba angekuwa hai," akasema, "leo angekufa kwa kucheka." Nami nikacheka, nikacheka, mara nikajikuta nalia pale barabarani na kanzu yangu nyeupe. Tangu tukuzike sikuwa nimelia.

Patasi na nyundo zako bado zimo chini ya kiti. Tukang'oa pamba, tukagonga mbao: ubao mmoja ukae, mmoja utoke. Maua na macho yote yamesalimika. Tukasubiri injini ipoe, tukaongeza maji. Nilipokuwa nafunga boneti, akaligusa lile jicho linalocheza, akauliza mbona halina msumari. Nikamweleza. Kisha akafungua kisanduku, akautoa msumari, akachukua nyundo kwa mikono yake ya hina, akasema Bismillahi, akaugonga mara tatu ukazama. Mkeo alipiga kigelegele ambacho nadhani ulikisikia huko uliko.

Tukafika. Tumechelewa, tumechafuka, na wali ulitungoja.

Kofia yako bado ipo msumarini, lakini sasa naingia karakanani bila kugeuka nyuma. Mashua nitaendelea kuziziba kama ulivyotaka, na gari nitaliacha livute pumzi. Kupaka rangi nitapaka, mbao zikioza nitabadilisha, ila msumari ule sitaugusa, nakuahidi, si mimi wala atakayejifunza kwangu. Allah akunawirishie kaburi, mjomba. Usiwe na wasiwasi tena na gari lako. Lina mwenyewe.