Nati Iliyobaki Kwenye Bakuli

Mama Enesi,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Watoto wasikanyage oili uani.

Ulipokwenda kanisani niliiwasha ile injini ya gari la mbio. Ilinguruma vizuri, kisha pistoni ikatoboa ubavu wa injini. Jana uliniambia, "Baba Enesi, nati moja imebaki kwenye bakuli." Nikakujibu mbele ya kaka yangu, "Nenda kahesabu mayai!" Kumbe ulikuwa sahihi. Miezi minne umeosha vyuma vile kwa mafuta ya taa hadi mikono ikakubabuka, na sikukushukuru hata siku moja.

Nimechukua baiskeli kwenda Mbozi kwa bwana wa shamba la kahawa, mwenye gari lile. ~~Nitasema nati ilikuwa mbovu.~~ Nitamwambia kwamba mke wangu alinionya, nikamdharau.

Mumeo,
Baba Enesi