Neno Ulilolikataza Saluni

Yaya Mado, dada yangu mkubwa,

Ni Jumapili mchana, nimekaa kwenye kiti chako cha karibu na dirisha. Asubuhi nilifungua shajara yangu, nikaandika tarehe kama kawaida, kisha nikaona habari hizi ni zako.

Tangu tukuzike, umeme wa bwawa la Tshopo bado unakuja unapotaka. Wateja wa zamani wakiingia saluni wanauliza kama uko nyuma, halafu wanakumbuka. Mimi pia.

Nataka kukueleza juu ya Nathalie. Mtoto wako alikuja Alhamisi moja amefunga kitambaa, na Jumamosi ndugu za mchumba wake walikuwa wanaleta mahari. Jirani yake alimpaka dawa ya kulainisha nywele nyumbani. Bomba likaanza kukohoa, wakaogopa maji yatakatika, wakasuuza kabla ya wakati. Mbele nywele zililala. Kisogoni zilibaki zimejikunja.

"Iko mubichi, tantine," akaniambia. "Paka ingine leo, bon, tunamaliza."

Mubichi. Neno ulilolikataza humu ndani. Ulisema mteja akilisikia atataka nywele zirudishwe jikoni. "Nywele haiko pondu, haiko majani ya muhogo," ulituambia na kitana mdomoni. "Pondu unarudisha ku moto. Nywele itakatika." Ukatufundisha kusema "itangoja".

Nikamwambia itangoja. Akanitazama kwenye kioo.

"Mama angenifanyia."

Yaya, hilo liliniingia. Nikipaka dawa juu ya dawa, kisogo chake kingebaki wazi. Nikikataa, huenda asirudi, na yeye ndiye uliyeniachia. Nilikataa. Nilizivuta nywele nyuma kwa jeli, nikamfunga fundo zuri, akaenda kwenye mahari yake bila kuniaga.

Wiki iliyofuata nilimkuta mlangoni. Akaingia, akakaa.

Karibu miezi miwili nilimpaka mafuta na krimu tu, bila dawa, bila pasi. Jana nywele mpya zilikuwa zimeota vya kutosha. Nikajaribu kwanza kwenye kishungi kimoja, kikavumilia. Nikapaka vazelini kwenye ngozi ya kichwa na kwenye nywele zilizokwisha kulala. Dawa nikaiweka kwenye nywele mpya, na mwishoni kabisa nikaivuta juu ya zile za kisogoni kwa mgongo wa kitana, polepole, kama ulivyokuwa ukinishika mkono. Bomba sikuliamini, maji niliyateka mapema. Nikaosha kwa ile shampoo yetu inayoonyesha dawa iliyobaki, mpaka povu likaacha rangi ya pinki, likawa jeupe.

Nikaangalia ndani ya beseni. Nywele hazikukatika.

Nathalie akapitisha vidole kisogoni. "Alors, sasa imeiva," akasema, kisha akaziba mdomo. Sote wawili tukageukia mlango, kana kwamba utaingia na kitana chako mdomoni. Tukacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Halafu akalia, akaegemeza kichwa kwenye tumbo langu, na maji ya nywele yakanilowesha nguo. Sikumsogeza.

Pumzika, yaya. Saluni nitaifungua kesho. Atakayekuja na haraka nitamwambia itangoja, hata akikasirika, hata akiwa mtoto wako. Na yeye nitamngoja kila akiondoka bila kuniaga.

Mdogo wako,
Fifi