Tuliyaonja Maji ya Udongo

Chuno, tarehe 9 Februari. Manyunyu tangu alfajiri.

Mjukuu wangu Zuhura,

Hatujambo. Mama yako amepona mafua, na mbuzi wa jirani wamekula mchicha wangu tena. Unauliza niliwezaje kungoja kazi isiyoonyesha matunda. Sikuweza, mjukuu wangu. Nilihangaika.

Nilipokuwa bibi shamba kijana, kule Ruvuma inapoingia baharini, Bi Somoe alinipa kipande chake cha ardhi nimfundishe kulima mboga. Udongo ulikuwa na chumvi, miche ya kwanza ikaungua. Mumewe akasema ya pili nayo ikifa, hapo patakuwa pa kupikia chumvi tu.

Tukainua matuta, tukangoja mvua iuoshe udongo. Lakini tungejuaje kama umeoshwa? Nikamwomba Bi Somoe tenga lake la kuchujia chumvi. Wanawake wakacheka: "Bibi shamba kaacha mboga, anapika chumvi!"

Kila asubuhi tulitia udongo wa tuta ndani ya tenga, tukaumwagia maji ya mvua, tukaonja yaliyochuruzika. Bado chumvi. Nilitaka tupande hivyo hivyo.

"Tulia, mwanangu," Bi Somoe akaniambia. "Ukipanda leo, kesho napika chumvi."

Asubuhi moja alionja, akafumba macho, akameza.

"Leo hayakukolea chumvi, kama mchuzi wa bibi harusi," akasema, akaenda kuchukua miche.

Tulipanda hadi jioni, na miche ile ilishika. Shajara yangu inasema siku hiyo ya kupanda nililala mapema, saa moja na nusu usiku, bila kula.

Bibi yako