Niliyoyaandika Kuhusu Eustace na Chuma cha Pampu

Bi Kausar mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie katika safu yako kabla sijaitupa mashine yangu ya chapa lamboni, maana nimechoka, nimechoka mwili na nimechoka moyo, na mume wangu naye ameshachoka kunisikiliza.

Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa katika chama cha msingi cha ushirika wa pamba, chama kikafa, tukagawana vilivyokuwemo ofisini, mwenzangu akachukua kabati mimi nikachukua mashine, na tangu mwaka 1992 kila Jumamosi napiga chapa karatasi moja ya habari za hapa Kagongwa, nakala nne kwa kaboni, moja naibandika ukutani kwenye duka la Mzee Ramesh, nyingine sokoni, nyingine stendi, nyingine zahanati. Naandika nani amefiwa, ng'ombe wa nani wameibwa, shule gani haina mwalimu wa hesabu. Sijatumwa na mtu. Naandika kwa sababu nisipoandika mimi hayaandikwi, kwani gazeti letu la huku Kanda ya Ziwa halitujui, nimewapelekea habari zaidi ya thelathini hawajatoa hata moja kwa jina langu, ila mara mbili nimezikuta humo zikiwa na jina la mwandishi wao, ambaye Kagongwa huiona kupitia dirisha la basi.

Halafu kuna Klabu ya Wasomaji na Watuma Salamu. Ni watu kumi na wawili hivi, wanakaa kwenye baraza ya hoteli ya chai, wanatuma kadi redioni kusalimiana wao kwa wao, wanaandika barua gazetini kusifiana wao kwa wao, na hizo hutoka. Mwenyekiti wao ni Eustace, fundi cherehani. Mwaka juzi niliomba kujiunga, akacheka mbele ya wenzake: "Mama Loveness, wewe endelea na matangazo yako ya mbuzi waliopotea." Wote wakacheka, nami nikacheka, nikaenda nyumbani nikalia.

Mwaka huu mwezi wa pili pampu ya mkono ya kisima chetu ikafa. Eustace yumo pia kwenye kamati ya maji, na ndiye aliyetumwa wilayani kuleta chuma kipya cha pampu. Chuma kikaja, wiki zikapita, pampu imelala vile vile, watu wakarudi kuchota lamboni pamoja na ng'ombe, watoto wakaanza kuharisha. Nikaandika mara tatu. Watoto wawili wakafa, mmoja wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nikaandika majina yao na kuyapeleka gazetini kwa mkono wa kondakta. Jumatano nikafungua gazeti, watoto hawamo, ila kuna barua ya klabu inayompongeza Eustace kwa kutimiza kadi elfu moja za salamu.

Bi Kausar, hapo ndipo nilipoharibu. Mashineni, kwenye foleni ya kusaga, nilimsikia mama mmoja akisema labda Eustace amewauzia wachimba dhahabu kile chuma. Alisema labda. Mimi nilipofika nyumbani nikapiga chapa kwamba Eustace amekiuza, na lile neno labda sikuliweka.

Jumamosi ile watu walijazana ukutani mpaka Mzee Ramesh akashindwa kuwahudumia wateja wake. Kwa miaka minne sijawahi kusomwa vile, na sitakudanganya, nilifurahi. Wiki iliyofuata gazeti nalo likaitoa, kwa jina la mwandishi wao kama kawaida. Watu wakaenda kwa Eustace kuchukua vitambaa vyao hata havijakatwa. Klabu ikamvua uenyekiti, wale wale waliompongeza.

Siku ya nane akaja Ngassa, fundi wa pampu.

"Kile chuma kiko kwangu," akasema. "Eustace alinikabidhi siku ile ile kilipofika, mbele ya balozi wa nyumba kumi. Nilikuwa nangoja mipira yake ya kuzibia kutoka Shinyanga, jana ndiyo imefika."

"Mbona siku zote hukusema?"

"Mayu, mama yangu, hukuniuliza."

Sasa pampu inatoa maji, lakini wanawake wamemfukuza kisimani Scolastika, mke wa Eustace, wanasema mumewe amekirudisha chuma kwa kuogopa gazeti, akachote kwa wachimbaji. Juzi nilikutana naye anatoka lamboni na ndoo kichwani. Akanisalimia, "Umeamkaje, Mama Loveness?" Nikapita upande wa pili wa njia.

Mume wangu Mihayo anasema nikae kimya, yatapita. Mzee Ramesh anasema, "Ukuta ni wangu, maneno ni yako." Nikikanusha, klabu itasherehekea, na nani ataniamini tena, hata kuhusu wale watoto wawili? Nisipokanusha, Scolastika ataendelea kuchota lamboni. Nifanye nini?

Mama Loveness, Kagongwa, Juni 1996

*

Mama Loveness, marahaba. Pole, na pole hii naitoa kwa moyo, kwani kuandika miaka minne bila asante na bila jina si mchezo. Nami nalishwa na gazeti, ingawa si hilo lenu, najua yanavyokwenda humu ndani. Habari ya watoto wenu ilikosa nafasi kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuitafutia. Ni aibu yetu sote wa magazeti. Lakini haikufuti kosa lako hata kidogo.

Gazeti halikukushika mkono ukaliacha neno labda. Klabu ilikucheka, na kuchekwa kunauma, ila hakukufanyi uwe mkweli zaidi. Watoto wawili walikufa, nawe ukawafanya fimbo ya kumchapia mtu aliyekucheka barazani. Kutoka kwako hadi kwa Ngassa ni hatua ngapi? Mbona hukuzitembea siku ile?

Unauliza nani atakuamini. Wengine hawatakuamini tena, zoea. Sasa inuka.

Usingoje Jumamosi. Nenda kwa Eustace leo, na Ngassa na balozi wakiwepo, umwambie yeye na mkewe kwa mdomo wako kabla hawajasoma popote. Kisha piga chapa, nakala nne, kuta zile zile, mstari wa kwanza kabisa: Niliandika uongo. Usiandike "ilisemekana." Usitaje mashine ya kusaga, usitaje klabu, usitaje uchovu wako. Chini yake rudia majina ya wale watoto na tarehe, maana hayo ni kweli na yabaki. Nakala nyingine peleka kwenye gazeti lenu. Halafu asubuhi mpitie Scolastika, mwende naye kisimani, na asiyetaka aondoke yeye.

Na kiti cha barazani kwao, acha kukiomba.

Jibu hili nalituma kwanza kwa posta. Mwanamke anayechota maji machafu hawezi kungoja zamu yako gazetini.

*

Wiki tatu baadaye Mama Loveness aliniandikia tena, nami nampa nafasi iliyobaki:

Bi Kausar, nimefanya. Nyumbani kwao Eustace alitazama chini mpaka nikamaliza. Scolastika alilia kidogo, kisha akanipa kiti. Kisimani wanawake walinuna, lakini mmoja akavuta ndoo yake pembeni, tukapanga zetu, Scolastika akachota. Klabu walinizomea stendi kama nilivyojua. Karatasi yenyewe wameisoma wachache.

Jumatatu Eustace alikuja ukutani peke yake, akasoma yote, mpaka majina ya watoto. Akaniuliza, "Na gazetini?"

Nikamwambia nimewaandikia, hawajajibu.

"Hawajibu wale," akasema. "Barua za kusifu wanazitaka. Za kukanusha nimepeleka nne."

Akasimama tu pale, mtu wa salamu elfu moja, hajui aende wapi. Nikamwambia aje nyumbani. Nikaweka karatasi na kaboni, akaanza kunitajia maneno, mimi napiga chapa. Ilikuwa barua ya tano. Chini tumeweka majina yote mawili.